Bwawa Lisilokupwa

Likizo hii ya Agosti tulipanda tena, mimi na mdogo wangu, kwenye bwawa la kule milimani, nyuma ya Kwale, na nilitaka kurudi kabla hata sijaliona. Wewe nakwambia, maana nyumbani sijamwambia mtu.

Zamani, kila shule zikifungwa, mama alikuwa akitupeleka huko kwa nyanya, aliyekaa karibu na bwawa. Sisi ni watoto wa Msambweni, tumezoea joto na chumvi. Kule asubuhi ilikuwa na ukungu, na chai ya mchaichai tuliinywa tumejikunyata karibu na moto. Siku za Idi watu wa Ukunda walikuja na mikeka na masufuria ya pilau, wakatandika ukingoni. Walilisifu sana lile bwawa. Mimi lilinitisha. Bahari unaisikia hata ukiwa kitandani. Lile lilikuwa kimya, linakutazama tu.

Nilikuwa na miaka minane, mdogo wangu minne. Nyanya alikwenda kuokota kuni, akaniachia neno moja: "Mshike mwenzio mkono."

Nikamshika. Lakini alitaka kukaa juu ya kisiki kilichosimama majini, hatua chache tu, na maji yalinifika magotini. Nikambeba mgongoni, nikamkalisha, nikarudi kuchukua viazi vyetu vitamu.

Kumbe juu mlimani mvua ilikuwa imenyesha. Maji mekundu yakaingia kwa nguvu kutoka korongoni. Nilipotia mguu yakanifika tumboni, nikarudi nyuma.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kwetu, maji yakijaa ukiwa kwenye miamba unaokota chaza, unakaa, unangoja yakupwe, kisha unatembea zako nyumbani. Basi nikamwita, "Usilie! Yatakupwa sasa hivi!" Nikaketi kungoja. Nikangoja kweli, kiazi mkononi. Alisimama juu ya kisiki. Yakamfika vifundoni, yakamfika magotini, naye ananitazama mimi.

Nyanya akatokea na mzigo kichwani.

"Mwenzio yuko wapi?"

"Yule pale, nyanya. Anangoja maji yakupwe."

Kuni zilianguka zote. Aliingia na kanga zake, maji yakamfika kifuani, akarudi na mdogo wangu amemng'ang'ania shingoni.

"Bahari ina mwezi wake," aliniambia, akihema. "Haya hayana mwezi, mjukuu wangu. Haya hayakupwi."

Hakunipiga, wala hakumwambia mama. Alifariki mwaka juzi akiwa hajamwambia. Siri imebaki kwangu peke yangu, nzito.

Mwaka huu mvua zimekataa. Pale palipokuwa na maji pana tope lililopasuka-pasuka, na kidimbwi katikati wanakokunywa ng'ombe. Hakuna mikeka, hakuna harufu ya pilau, na hakuna nyanya. Mdogo wangu, ambaye hakumbuki lolote, alikimbia moja kwa moja hadi kwenye kile kisiki, akakipanda.

"Dada, njoo unipige picha! Mbona waogopa? Kwani hapa pana maji?"

Nilitembea pakavu kumfuata. Hatua kumi na moja. Kumi na moja tu, na siku ile zilinishinda.

"Shuka," nikamwambia. "Shuka kwanza."

Alicheka, akaniita mwoga. Nikamshika mkono hadi barabarani, akinung'unika kwamba namwumiza, na sikumwachilia.