Mashine Yenye Sauti Yangu na Ng'ombe wa Mkwe

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimekata miwa Ramisi kabla sijaota ndevu, nimeuza madafu Diani, nimemwona Mzungu mzima akilia kwa sababu tumbili ameingia chumbani, amekula mkate wake na kuondoka na kofia yake. Nilianza na sanduku moja la dawa za minyoo nyuma ya baiskeli, nikizunguka Mkongani na Kikoneni, mpaka nikafungua duka la dawa za mifugo hapa Ukunda, lenye kioo mbele na feni juu. Shule niliishia darasa la nne. Waliomaliza nimewaajiri. Kwa hiyo mtu akinijia na jambo la ajabu, mimi humwambia akae, apumzike, anieleze polepole, maana kushangaa kwangu hatakuona.

Mtu mmoja tu ndiye ambaye mafanikio yote haya hakuyataja hata siku moja: baba mkwe wangu wa Kikoneni. Nilipokwenda kuposa alisema binti yake angemfaa mtu aliyesoma. Akanipa, lakini tangu siku hiyo jina langu nyumbani kwake likawa "yule mkata miwa". Nimejenga nyumba ya mawe, yule mkata miwa. Nimenunua pikapu, yule mkata miwa. Watoto wangu wenyewe wakitoka kumtembelea babu yao waliniuliza kama kweli nilikata miwa. Nami nilijiapia kwamba siku moja mzee yule ataniita mkwe wangu, tena mbele za watu.

Njia ilikuwa moja: ng'ombe wake. Alikuwa na ng'ombe wa kisasa, mwenye madoa meusi, pekee wa aina hiyo kijijini kwao, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yakiendesha ile nyumba. Kila nilipomwona mzee nilimwambia, "Baba, huyo ng'ombe akikohoa tu, njoo dukani. Atatibiwa kabla hujakaa kitini." Naye hunitazama, akasema, "Tutaona."

Basi, mwaka ule baada ya mvua za El Nino, kupe walizaana kama mchanga. Wafugaji walimiminika kutoka kila upande, nikafungua duka la pili Msambweni. Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Elimu yote ya dawa ilikuwa kichwani mwangu, na kichwa ni kimoja. Msambweni alikaa mke wangu, hodari, maana nilimfundisha mwenyewe, ingawa yeye ana maelezo mengine. Ukunda nikamweka mama mmoja wa bara, mcha Mungu, mwaminifu wa senti, lakini dawa ya kupe na dawa ya minyoo kwake zilikuwa chupa mbili tu za rangi tofauti.

Wakati huo hoteli moja ya Diani ilikuwa ikiuza kompyuta zake za zamani. Nikaenda kuangalia viti, nikarudi na kompyuta. Fundi wa pale, mtu wa bara mwenye tai na viatu vya kung'aa, ndiye aliyenitia hamu.

"Boss," aliniambia, "hii kitu tunaweza kuifanya ifikirie kama wewe."

"Kama mimi?"

"Kama wewe kabisa. Niambie vile unauliza kastama, naweka ndani. Inauliza, mtu anajibu, inakata shauri yenyewe."

Nikamwambia hiyo itakuwa mashine yenye akili nyingi sana. Akakubali.

Nikakaa naye, nikamfungulia kichwa. Ng'ombe ana homa? Matezi ya chini ya sikio yamevimba? Kinyesi kina damu? Ikiwa hivi, dawa ya rafu ya tatu. Ikiwa vile, rafu ya tano. Kwa kuwa wateja wangu wengi hawasomi, mashine iliulizia kwa sauti, na sauti ilikuwa yangu. Niliongea kwenye kipaza sauti kwa ile sauti nzito ninayoitumia kwenye harusi. Kwenye vitufe viwili fundi alibandika karatasi, kijani kwa ndiyo, nyekundu kwa hapana. Yule mama alitakiwa kusikiliza rafu gani imetajwa, atoe chupa, apokee pesa. Nilimpa amri moja tu: "Usibishane na mashine. Ikisema, nimesema mimi."

Siku ya kwanza akaingia bibi mmoja wa Mkongani kwa ajili ya mbuzi wake. Hajaketi vizuri, mashine ikamwuliza, "Je, mnyama anaharisha?"

Bibi akaruka. "Ala! Karibu hujanikaribisha, hali hujanijulia, unaniuliza mavi?" Akachungulia nyuma ya kaunta, akamwambia yule mama, "Mwambie tajiri wako atoke huko alikojificha. Namsikia. Pesa zimempa kiburi, hata salamu zimemshinda."

Akavuka barabara, akanunua dawa duka la ng'ambo. Ijumaa tukitoka msikitini nikashikwa mkono na watu watatu, kila mmoja akiniuliza kwa upole nimekasirishwa na nani, mbona siku hizi sisalimii.

Nikamwendea fundi.

"Boss, ni mashine," akasema. "Mashine haisalimii watu."

"Haisalimii ikiwa na sauti yako. Ikiwa na sauti yangu, inasalimia."

Nikamwelekeza vizuri. Mteja akifika, kwanza salamu aleikum, kisha shikamoo, kisha habari ya mnyama, ndipo maswali. Akaniuliza, kama mtu akitoka kanisani je, na kama ni mtoto je, nikamwambia heshima haijawahi kumuua mtu. Kwenye habari ya mnyama akaweka kijani kuwa njema na nyekundu kuwa mbaya.

"Na wakisema njema, ifanye nini?"

Mimi nilikuwa na mguu mmoja ndani ya pikapu, nakwenda Msambweni. Nikamwambia, "Imshukuru Mungu."

Hilo ndilo nililosema. Mengine aliyaongeza yeye kwa hesabu zake za bara, akiona kwamba mnyama mwenye hali njema hahitaji dawa. Sasa niulize mimi: hapa kwetu ni nani anayejibu "mbaya" salamu ya kwanza? Mtu amemzika nduguye jana, ukimwuliza habari atasema njema, tunashukuru, kisha ndipo akueleze msiba. Nyumba imeungua, habari njema, ila nyumba imeungua. Ndivyo tulivyolelewa.

Basi asubuhi ile mifugo yote ya Kwale ilikuwa mizima. Mtu anaingia ameinamisha kichwa, mashine inamsalimu, anabonyeza kijani, mashine inamshukuru Mungu na kumuaga. Yule mama alifurahi sana. Aliniambia baadaye alidhani ni maombi ya kanisani kwao yamejibiwa. Kioja kingine ni mtoto wa jirani aliyegundua kwamba akibonyeza, mtu mzima anampa shikamoo. Akaleta wenzake. Wakapanga mstari kuitikia marahaba.

Watoto hao ndio waliompisha kiti baba mkwe wangu.

Alikuwa ametoka Kikoneni alfajiri, na kanzu yake nyeupe na kofia, kwa sababu ng'ombe alikuwa hajala tangu juzi. Yaliyotokea nimesimuliwa na yule mama.

"Assalaam aleikum," ikasema sauti yangu. "Shikamoo."

"Waaleikum salaam. Marahaba," akaitikia mzee, akakaa, akaweka bakora kando. Alipendezwa.

"Habari ya mnyama wako?"

"Tunamshukuru Mungu, njema," akasema, na akaonyeshwa kijani, akabonyeza.

"Alhamdulillahi. Mnyama wako ni mzima, hahitaji dawa. Mpe majani na maji. Karibu tena."

Mzee akakohoa kidogo. "Sikiliza, mwanangu. Hajala tangu juzi."

Mashine ikabaki ikingoja kitufe. Akabonyeza tena.

"Assalaam aleikum. Shikamoo."

Akaitikia tena, kwa sababu salamu haiachwi ikining'inia. Habari ya mnyama? Njema. Alhamdulillahi, karibu tena. Yule mama alitaka kumnong'oneza abonyeze nyekundu, lakini nilikuwa nimemkataza asibishane nami. Walizunguka hivyo mpaka jasho likamtoka mzee kwa kuitikia. Mwishowe akasimama, akachukua bakora.

"Leo mkata miwa amenisalimu kuliko miaka yote tangu amwoe binti yangu," akasema. "Nilichojia ndicho hakutaka kukisikia. Basi, nimesikia. Ng'ombe wangu ni mzima."

Dukani kwa ng'ambo hakwenda. Angewezaje kuonyesha dunia kwamba amefukuzwa kwa mkwewe? Akarudi Kikoneni mikono mitupu.

Kesho yake habari ilifika Msambweni kabla ya chai. Mke wangu alinijia na kikombe mkononi, hajanipa.

"Umemwambia nini baba?"

"Sijamwona baba yako."

"Amekusikia kwa masikio yake."

"Hakuwa mimi."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Basi ng'ombe akifa," akasema, "hiyo sauti yako ikatafute mke mwingine, maana mimi pale nyumbani kwetu sitakuwa na uso wa kupeleka."

Nilichukua sindano na dawa, nikawasha pikapu. Barabara ya Kikoneni ilikuwa bado na mabonde ya mvua, na kwenye kijito gari likazama mpaka mlangoni. Nikashuka, nikavuka kwa miguu. Tope likabaki na kiatu cha kushoto. Nikafika uani kwa mkwe wangu na kiatu kimoja, suruali nyeusi mpaka magotini, mkoba wa dawa nimeuweka kichwani.

Mzee alikuwa amekaa karibu na zizi. Ng'ombe amelala, shingo ameinyoosha chini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Habari ya safari?"

"Njema, baba."

Akanitazama mguu. Akanitazama ule mwingine. "Njema?"

"Njema, tunashukuru. Ila gari limezama mtoni, na kiatu kimebaki huko."

"Aa," akasema mzee. "Kumbe wewe hiyo 'ila' unayo. Ni mashine yako tu hujaigawia."

Nikaufungua mkoba. Si kwamba nilishangaa. Nilikuwa na kazi. Nikamshika ng'ombe chini ya sikio, matezi yamejaa kama ndimu. Ndigana, ile homa ya kupe. Nikamdunga palepale, na mkono wangu hautetemeki, muulize yeyote. Kisha nikakaa kungoja, na kungoja ukweni ndiyo adhabu yenyewe: huli ukashiba, hulali ukakoroma, na mama mkwe akipita unaangalia paa. Ng'ombe naye alikuwa haoni haraka. Mpaka asubuhi moja nikamsikia mama mkwe akiita kutoka zizini kwamba majani ya jana yamekwisha.

Mzee alikwenda kuangalia mwenyewe, akarudi akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Kisha akanikalisha na wazee wawili na kunitoza: mbuzi mmoja wa kuwalisha wazee, na leso ya mama mkwe.

"Faini si yako," akaniambia kwa upole. "Ni ya ile mashine, kwa kumfukuza mzee. Lakini yenyewe haina mfuko."

Nikarudi Ukunda nikamketisha fundi. "Mtu akisema njema, mashine iseme tunashukuru, kisha iulize: ila? Ndipo maswali yaanze."

"Kwa hivyo jibu ya kwanza tunaitupa?"

"Hatulitupi. Tunalipokea."

Akavuta kiti, akaandika. Mtu mwenye tai, ameketi mbele ya mtu wa darasa la nne, anaandika.

Baada ya hapo mashine ilifanya kazi kama mimi, ila mimi ni mzuri zaidi. Yule bibi wa Mkongani alirudi, akaisifu kwamba imetengenea tabia. Watu walikuja hata bila mifugo, kujuliwa hali tu. Na siku ya soko, baba mkwe aliingia dukani na wazee wenzake wa Kikoneni, duka limejaa, akakaa kile kiti, akaitikia shikamoo yangu, akabonyeza kijani. Mashine ikasema, "Tunashukuru. Ila?" Mzee akageuka, akawatazama wenzake kama aliyeizaa mwenyewe.

"Mnamsikia?" akasema kwa sauti. "Huyo ni mkwe wangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya rafu ya tano. Neno hilo, toka kompyuta na fundi mpaka sindano, mbuzi, leso na kiatu cha kushoto, lilinigharimu shilingi elfu thelathini na nne, mia tatu na hamsini.