Jasi Chini ya Ng'ombe wa Benuel

Verna Nolt alikuwa mwoga. Nalisema mapema, asije mtu akadhani namsengenya mwanamke wa watu, maana mwenyewe alilisema hadharani kila Januari kwenye mkutano wa wakulima, amesimama mbele ya wanaume themanini wenye ndevu, kofia zao nyeusi magotini. Mimi ni mwoga, aliwaambia kwa Kijerumani chetu cha huku Pennsylvania, na nimekuja kuwaambukiza. Walicheka, wakanywa kahawa yao, wakarudi nyumbani kufanya yaleyale waliyokuwa wakiyafanya.

Alikuwa bibi shamba wa kaunti kwa miaka ishirini na saba. Yeye ni Mmenoni, wa wale wanaoendesha magari, lakini wengi wa wakulima wake walikuwa Waamishi, ndugu zetu wa imani wanaolima kwa nyumbu na kuiweka simu kwenye kibanda mwisho wa shamba isije ikaingia ndani ikavunja mazungumzo ya watu. Akifika kwako, kabla hajakusalimia, macho yake yameshazunguka ua mzima: dawa ya wadudu iliyowekwa kwenye chupa ya soda, ngazi iliyooza, mkanda wa mashine usio na kifuniko. Wanaume walimtania kwamba Verna hawezi kuiacha toroli iteremke kilima bila kuifunga kamba. Na yeye hakukasirika. Alipokuwa na miaka tisa, mjomba wake Ivan alipanda ndani ya mnara wa malisho kuyasawazisha, akafia mle ndani kwa hewa mbaya, na baba yake Verna alisimama chini akiita jina lile mpaka sauti ikamkauka. Mtoto akiona hivyo, haponi.

Tena aliogopa kwa ajili ya kijito. Kila masika mvua ilikuwa inakwangua samadi mashambani na kuimwaga majini, maji yakageuka kijani, samaki wakafa, na watu wa mjini huko chini wakatutukana sisi wa bondeni kama vile tunafanya kusudi. Verna alikaa katikati, anapigwa na huku na huku. Ndipo akaja na jasi.

Jasi ni ule unga mweupe ulio ndani ya mbao za jipsamu za kuta na dari. Mafundi wa nyumba wana mabaki tele, wanayasaga, wanayatoa kwa bei ya bure. Ukiutandaza chini ya ng'ombe, wanalala pakavu, kwato haziozi. Kisha unaingia kwenye shimo la samadi, na samadi ikienda shambani, jasi inaishika rutuba isikimbilie mtoni. Verna aliusoma sana, akaupima, akaupenda. Akampelekea Benuel Esh kwanza, kwa kuwa Benuel akikubali kitu, majirani humfuata bila kuulizwa. Wakafuata sita. Mwaka wa tatu trauti, samaki wa maji safi, wakarudi kwenye kijito, na Verna alisimama ukingoni na viatu vyake vya kazi akalia kama mjinga. Katika maisha yake yote ya kuogopa, kile ndicho kitu pekee ambacho hakukiogopa. Unga mweupe, hauna harufu, utaogopa nini?

Sasa, Jumatatu moja ya mwanzo wa Aprili, saa tatu asubuhi, alikuwa ofisini anafungua barua zilizolala tangu Ijumaa. Moja ilikuwa tangazo la ukurasa mmodi kutoka kwa watafiti wa mifugo. Aliisoma amesimama. Alipofika katikati akakaa chini. Jasi ikikaa miezi kwenye shimo lililofunikwa chini ya banda, pasipo hewa, huchacha na kuzaa gesi ile ya mayai yaliyooza. Gesi inajificha ndani ya samadi, imetulia. Siku unapoikoroga samadi ili uipeleke shambani, inatoka yote kwa mara moja, mwaka huu kidogo, mwaka ujao ya kuua. Kidogo utainusa. Ikiwa nyingi, pua inakufa ganzi, huinusi tena, unadhani imekwisha, kumbe unaivuta. Pumzi mbili tatu.

Na Jumatatu ile ilikuwa ya kwanza kavu tangu theluji iyeyuke. Benuel hukoroga shimo lake Jumatatu ya kwanza kavu. Bonde zima linajua hivyo, wengine hupanga kazi zao kwa kumtazama yeye.

Alipiga simu ya kibandani. Ikalia, ikalia, halafu sauti ya Benuel yenyewe, taratibu, ikamwomba mpigaji aache ujumbe na kwamba utasikilizwa jioni. Jioni! Verna alipiga tena njiani kuelekea garini, akapiga tena akiwa anaendesha, mkono mmoja kwenye usukani, jambo ambalo kwa miaka ishirini na saba aliwakataza watu.

Mwendo ni dakika ishirini na tano. Barabarani kulikuwa na magari ya farasi matatu yamefuatana, yanapanda kilima kama yana wiki nzima, na mbele kuna kona, huwezi kupita. Alifikiri kwamba pengine tangazo limekosea, kisha kwamba pengine Benuel ana mafua leo, amelala kitandani, Mungu amjalie mafua. Tangu utotoni hakuwahi kumwombea mtu ugonjwa, na siku ile aliomba kwa sauti.

Alipoingia uani, injini ya dizeli inayozungusha kikorogeo ilikuwa inanguruma nje ya banda, na mtu haonekani. Lydiann, mke wa Benuel, alikuwa anaanika, maana Jumatatu ni siku ya kufua. Suruali nyeusi na magauni ya buluu na zambarau yalishafika nusu ya kamba. Akainua mkono kusalimu. Verna akamuuliza Benuel yuko wapi. Lydiann akasema yuko bandani, anawasogeza ng'ombe upande wa pili, ameingia sasa hivi tu.

Verna alianza kukimbia. Harufu ya mayai yaliyooza ikamjia usoni, kali, ya kutia machozi. Hatua chache mbele, harufu ikatoweka. Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa, ya kwelikweli, na kidude cha kupimia gesi, kengele yake anayoibana kwenye mkanda siku zote, kikaanza kupiga kelele. Akageuka, akarudi nyuma mbiombio, akavuta chuma cha kuzimia injini. Ikazima. Kimya kikaingia, na katika kimya kile akaona, kupitia mlangoni, hatua kama nane ndani, buti mbili zimelala vidole juu. Ng'ombe wanne walikuwa chini karibu naye.

Lydiann naye alikuwa ameona. Aliitupa shuka matopeni, akaja mbio bila kupiga kelele, na hilo la kutopiga kelele lilimtisha Verna zaidi. Verna alimpokea kifuani, akamkumbatia kwa mikono miwili, akamng'ang'ania. Mmoja ana miaka thelathini na nne na nguvu za kukamua ng'ombe arobaini. Mwingine ana hamsini na nane na goti bovu.

"Niache, Verna. Ni mume wangu."

"Ukiingia mtakuwa wawili," Verna alisema. "Na mimi nitakufuata, maana sitaweza kusimama hapa. Tutakuwa watatu. Nisaidie mapazia."

Mabanda yetu yana mapazia marefu ubavuni, unayateremsha kwa kuzungusha mkono wa chuma ulio nje, na yakishuka ubavu unabaki wazi. Lydiann alimtazama kwa macho ambayo Verna hajayasahau. Kisha akaenda upande wa magharibi, Verna mashariki, wakazungusha. Upepo ukaingia. Verna akawapigia simu zimamoto huku akifunga kengele yake kwenye mti mrefu wa kutegemezea kamba ya nguo, akaupenyeza mlangoni. Kengele ililia. Iliendelea kulia. Wale wanawake wawili walisimama pale, mmoja amemshika mwenzake mkono, wanazitazama buti na kusikiliza kidude kinachopiga kelele, na hakuna walichoweza kufanya. Wangapi tumewazika katika kaunti hii kwa sababu mtu hakuweza kusimama hivyo? Baba, halafu mwana, halafu kaka mtu. Verna alikuwa akiyasema haya kila Januari, na hakuwahi kujua yanauma namna gani. Dakika nne. Lydiann alikuwa ananong'ona, na Verna alifikiri anasali, mpaka akasikia kwamba anasema niache, niache, niache.

Kengele ikanyamaza. Waliingia pumzi zimebanwa, wakamkamata Benuel miguuni, wakamburura nje mpaka chini ya nguo zilizoanikwa. Uso ulikuwa wa kijivu. Alikuwa anapumua, kwa kukoroma, lakini anapumua.

Zimamoto walimpeleka hospitali, akalazwa siku tatu. Verna hakungoja hizo siku tatu. Jumatatu ileile, nguo zake zinanuka samadi, alizunguka mashamba yote sita. Akawaeleza kosa ni lake, jasi ni ushauri wake, wasikoroge. Kama lazima, basi watu na ng'ombe wote watoke kwanza, mapazia yashushwe, upepo uwepo, na mtu asitie mguu ndani mpaka nusu saa ipite injini imezimwa. Wote sita walimsikiliza kwa adabu. Wote sita wakamwambia tutaona. Mtu wa bondeni akikwambia tutaona, ujue amekataa. Waliogopeshwa naye miaka mingi mno, kuanzia ngazi mpaka toroli, wakashindwa kutenganisha hofu ya bure na ya kweli. Gideon Riehl, ambaye shimo lake lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, alisema atakoroga Jumamosi, na kwamba amesikia Benuel ana moyo dhaifu kama baba yake.

Ijumaa Verna alikwenda kwa Benuel. Alimkuta kwenye kiti cha kubembea karibu na jiko, amekonda kwa siku nne kama mtu aliyeugua mwezi mzima. Lydiann alimkatia Verna pai ya molasi, akamwekea mbele bila kumtazama usoni. Verna alikuwa amepanga maneno garini. Yakamtoka yote ovyo. Mimi ndiye niliyekuletea. Mimi.

"Tumeshakusamehe, Verna," Benuel alisema, sauti imekwaruzika. "Siku ileile. Yamekwisha."

Mgeni angeshukuru, angekula pai. Verna aliingiwa na hofu upya, kwa sababu anatujua. Sisi tukishasamehe, jambo linafungwa. Halitajwi mezani, halitajwi kanisani, kulitaja ni kama kumshtaki tena mtu uliyemwachilia. Ndiyo maana Gideon alikuwa anazungumzia moyo, na hakuna wa kumsahihisha: Benuel alinyamaza ili kumlinda Verna. Na kesho ni Jumamosi.

Alimweleza hivyo. Akamwomba aende naye kwa Gideon, aseme kwa kinywa chake kilichompata. Benuel akasema hawezi kuzunguka kwa majirani akimtangaza aliyemsamehe. Hivyo si kusamehe.

"Basi usinisamehe kwanza," Verna alisema. Alikuwa analia sasa. "Nakuomba. Nisamehe wiki ijayo."

"Hayo hayarudishwi."

Lydiann alikuwa kwenye beseni, anawapa mgongo. Alifunga bomba, akajifuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja kimoja.

"Mimi sijamsamehe," alisema.

Benuel akamwita jina, polepole. Lydiann hakugeuka.

"Nilisema nimesamehe kwa sababu wewe ulisema. Kila nikifumba macho naona buti zako, na mikono yake imenibana. Najua aliniokoa. Sijaweza tu." Akatungua shali kwenye msumari. "Kwa hiyo mimi naweza kwenda."

Wakaondoka kwa gari. Verna aliendesha kwa mwendo wa nyumbu, mikono miwili kwenye usukani, anaogopa hata kukohoa. Gideon aliwapokea mlangoni pa banda, kikorogeo kimeshavutwa tayari kando ya shimo, akaanza kuuliza hali ya moyo wa Benuel. Lydiann akamwambia moyo wa Benuel ni mzima kama wa nyumbu. Akamweleza yote, tangu shuka mpaka buti, harufu ilivyokuja na ilivyotoweka, ng'ombe wanne, dakika nne. Mwisho akamnyooshea kidole Verna.

"Huyu ndiye aliyetuambia tuweke jasi. Na huyu ndiye aliyenizuia nisimfuate mume wangu. Nina hasira naye kwa yote mawili. Umwone, Gideon, halafu ukoroge ukitaka."

Gideon alivua kofia. Alimtazama Verna, akaitazama nyumba yake, ambamo mkewe alikuwa anaimba jikoni. Baadaye akaenda, akawafungua nyumbu kwenye kikorogeo, akamwomba Verna amwelekeze tena, taratibu, habari ya mapazia. Safari hii aliandika.

Waliporudi garini, jua lilikuwa bado juu. Verna alishindwa kuingiza ufunguo. Lydiann aliuchukua, akauingiza yeye, yeye ambaye hajawahi kuendesha gari maishani mwake.

"Wamebaki wangapi?"

"Watano."

Lydiann alifunga mkanda, akakaza mpaka mwisho.

"Twende. Bado nina hasira ya kutosha watano."