Uzi Mwekundu wa Bi Kadi

Kwa miaka ishirini na sita Bi Kadi alikaa nyuma ya dirisha dogo la kituo cha afya, kwenye chumba chenye rafu tatu na masanduku ya viatu. Ndani ya masanduku kulikuwa na kadi za wagonjwa. Hakuzipanga kwa majina wala namba. Alizipanga kwa nyumba, kama njia inavyokwenda: wa kisimani kwanza, halafu wa kwa seremala, halafu wa mlimani. Kadi za nyumba moja, za bibi mpaka kichanga, alizifunga pamoja kwa uzi mweupe. Uzi ukiwa mwekundu, basi mle ndani yumo mtu asiyepatana na sindano ya penisilini, na kabla ya kuchoma ilibidi umuulize Bi Kadi ni nani.

Madaktari waliletwa hapo na chuo, mmoja mmoja, miezi sita, wajifunze kutibu familia mahali pasipo na mashine ya kupiga picha. Wiki ya kwanza daktari hakugusa mgonjwa. Alikaa dirishani na Bi Kadi akisoma nyumba. Kumi na mmoja walipita. Wote waliaga wakisema watarudi, wote wakaingia mitini. Mume wa Bi Kadi alifia kwenye benchi la nje, akingoja mmoja wao.

Wa kumi na mbili alikuwa kijana mrefu, viatu vyake vikubwa kama mitumbwi, na watu wa benchi wakamwita Daktari Viatu siku hiyo hiyo.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa profesa ni wewe."

"Marahaba. Profesa hana kiti cha pili. Kalia hilo sanduku."

Huyu alikuwa wa namna yake. Kila Jumatano alikwenda kwa miguu nyumbani kwa mfyatua matofali, ambaye mama yake alikuwa na kidonda mguuni kisichofunga, akaketi chini akakiosha mwenyewe.

"Daktari, hivyo viatu ukivichoka niletee," mfyatua matofali alimtania. "Nitafyatulia matofali."

"Kwanza ulipe lile la wiki jana lililoniangukia kidoleni."

Mwezi wake wa tano hapo alimwambia Bi Kadi, "Mama, nimeandika chuoni. Nikimaliza, nataka nipangiwe hapa." Bi Kadi akainamia sanduku kama anayetafuta kitu, maana machozi yalikuwa yanamlenga.

Kijana akaendelea. "Mwalimu wangu anakuja kunipima. Nataka nipange kadi kwa namba, ili hata siku usipokuwepo mtu aone haraka. Unaniruhusu?"

Siku nyingine angesema ngoja kwanza tukae. Siku ile furaha ilimlevya. "Panga, baba. Kituo ni chako sasa." Kisha akaenda kumuuguza dada yake, siku tatu.

Daktari Viatu hakufanya kazi ya ovyo. Kila alipofungua uzi mwekundu alisoma kadi zote, akimwona mwenye tatizo anamwandikia kwa kalamu nyekundu. Fungu moja tu lilimshinda. Kadi zake zote zilikuwa safi, hakuna hata moja yenye neno la penisilini. Akautia uzi ule mfukoni mwa koti, amuulize Bi Kadi akirudi.

Hakujua kwamba kadi moja ya fungu lile ilijaa zamani ikatupwa, na Bi Kadi alipoandika mpya hakurudia lile neno. La nini, na yeye yupo?

Siku ya tatu benchi lilijaa mpaka watu wakakaa chini. Mfyatua matofali akaja na mkono uliovimba usaha.

"Sindano imewahi kukudhuru?"

"Sindano? Mimi tofali halijanidhuru."

Kadi ilikuwa safi, na kwa namba haikuonyesha tena ilitoka fungu gani. Daktari akaandika penisilini, na uzi wa fungu hilo ukiwa umesahaulika mfukoni mwake. Kabla sindano haijapoa mfyatua matofali alianza kukoroma, midomo ikamvimba. Dawa ya kumwokoa ilikuwa kichupa kimoja kituo kizima. Ilipokwisha, Daktari Viatu alimkandamiza kifua mpaka muuguzi akamshika mikono na kumwambia basi.

Mwalimu alifika Ijumaa. Hakuwa na habari ya kupima tena.

"Nani aliruhusu mpango wa kadi ubadilishwe?"

Bi Kadi, aliyerudi jana yake, alifungua mdomo. Akaufunga.

"Niliamua mwenyewe," alisema Daktari Viatu.

"Na kadi ya marehemu? Neno halikuwemo?"

"Labda lilinipita."

Bi Kadi akatazama vidole vyake. Kijana akapanda gari la chuo siku ile ile, na ile barua yake ya kuomba kurudi ikafutwa. Uzi aliuacha dirishani, ameukunja vizuri.

Baada ya hapo Bi Kadi alizunguka nyumba zote za nyuzi nyekundu, akauliza, akaandika kwenye kadi kila kilichokuwa kichwani mwake. Ya mfyatua matofali aliiacha mwisho. Alimkuta mjane anaosha kidonda cha mama mkwe wake, kwa chumvi na maji ya kuchemsha, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo mama," alisema mjane. "Daktari atakuja Jumatano?"

"Hatakuja."

"Kwa nini? Sisi hatukumlaani. Nani mwingine atakaa chini humu?"

Bi Kadi akaketi kizingitini, akasema yote. Kwamba aliombwa ruhusa akaitoa. Kwamba kadi aliiandika yeye, na mbele ya mwalimu akanyamaza.

Mama wa marehemu alisikiliza bila kuvuta mguu wake. "Nilikuletea mwanangu ana miaka miwili," alisema mwishowe. "Amevimba uso kwa sindano. Ndiyo kwanza umeanza kazi. Ukanionyesha uzi, ukaniambia nisihangaike, utakumbuka wewe. Basi sikumwambia hata mwenyewe."

Maji ya chumvi yalipoa kwenye beseni.

"Kalamu unayo?" aliuliza mama yule.

"Ninayo."

"Mwandikie huyo mwalimu. Hapa hapa, nikuone."

Bi Kadi hakuwa na karatasi. Alichukua kadi tupu, akaigeuza, akaiweka juu ya goti.

"Nianze vipi, dada?"

"Anza na 'aliniuliza'," alisema mama wa marehemu. "Halafu andika ulivyomjibu."