Loshoro ya Mama Mjini Bangkok

Mimi niliishia darasa la nne, kutunga hadithi siwezi. Kwa hiyo ukisoma haya jua yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, na sikuwa nimeonja pombe.

Nilikuwa dalali mdogo wa mawe hapa mjini Arusha, nakaa Daraja Mbili. Bosi Elisante akanichukua kwenda Bangkok kumsindikiza na tanzanaiti zake. Tulipofika akaniacha gesti siku kumi, pasipoti yangu iko mfukoni mwake. Nikawa natembea tu. Niamini, mji ule unapika barabarani! Kila hatua jiko: supu ya tambi, ngisi wa kuchoma, embe bichi kwa pilipili, wali uliofungwa kwenye majani ya mgomba. Nilionja vyote, vitamu kweli. Lakini nikilala nawaza loshoro ya mama kule Oldonyo Sambu, yale mahindi na maziwa yake mgando. Kila jioni nampigia kaka yangu, Lomnyaki.

"Mama mzima, amelala," ananijibu.

Siku ya nane, katikati ya yale majiko, nikasikia harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi, kama wanavyofanya mama zetu. Bangkok itoke wapi? Nikaifuata. Mama huyu hapa, amekaa kwenye kigoda kando ya muuza ndizi, na shuka lake la bluu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda, wewe! Huyo bosi wako anakulisha upepo?"

"Mama, umefikaje huku?"

"Kula kwanza."

Akanipa kibuyu cha loshoro. Nikala nimesimama, machozi yananitoka. Akaniangalia mpaka nikakaribia kumaliza, akasema taratibu, "Nimekungoja wiki nzima. Kaka yako anasema unajua naumwa, ila umekataa kuja. Kweli, mwanangu?"

Mdomo umejaa. Kwetu chombo cha mtu hukirudishi kitupu, sembuse cha mama mzazi. Nikaona nimwekee ndizi kwanza, ndipo nimjibu kwa heshima. Nikamgeukia muuza ndizi, muda mfupi tu. Kugeuka tena, hakuna mama, hakuna kigoda. Mkononi nina kichane cha ndizi, kibuyu hakipo.

Nikapiga simu. Lomnyaki akapokea analia: mama amekata roho sasa hivi. Kumbe kaka alinificha kusudi kwamba mama anaumwa, ili mama akinichukia shamba lote amwachie yeye. Ni Lomnyaki, nimemtaja, na akitaka aje anikanushe.

Huu ni mwaka wa sita. Wazee wametukalisha mara mbili tupatane, nimekataa. Shamba abaki nalo. Mimi huwa napanda kaburini nasema, "Mama, sikujua," mpaka koo linakauka. Hajawahi kunijibu. Nani ataniambia kama alinisikia?

Wewe uliye mbali na kwenu, usikubali kuambiwa mama amelala. Sema aamshwe, umsikie mwenyewe. Na akikuuliza jambo mjibu hapo hapo, hata kama mdomo umejaa.