Barafu Ndani ya Blanketi la Mwalimu

Enzi zetu, na nyinyi mliofanya mtihani wa darasa la saba miaka ya sabini mtaniunga mkono, hakuna aliyekununulia kitabu cha marudio. Shule yetu ilikuwa juu ya Nyaramba, majani chai pande zote, na asubuhi tulifika miguu imelowa umande hadi magotini. Kitabu cha sayansi kilikuwa kimoja kwa deski nzima, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimeng'oka zamani. Ila tulikuwa na Mwalimu Ombati.

Alikuwa kijana, hajaoa, anaishi katika chumba cha mabati nyuma ya shule. Kila Jumatatu aliandika kwenye pembe ya ubao jambo moja la kushangaza, na ole wako ukilifuta. Kwamba umeme wa radi na ngurumo yake hutokea pamoja, ila mwanga una mbio kuliko sauti. Kwamba ndizi moja iliyoiva, ukiifukia pamoja na mbichi, hutoa hewa inayoziivisha zile nyingine. Kwamba huku kwetu milimani maji huchemka kabla hayajawa moto kama yale ya Mombasa yanayochemka, ndiyo maana maharagwe yetu hukawia kuiva. Alifundisha kwa Kiingereza kama alivyotakiwa, lakini jambo likikaza aliingia Kiekegusii, lugha yetu ya nyumbani, na hapo hata waliosinzia waliamka.

Wiki moja aliandika kwamba mgomba si mti. Tulipotangaza habari hiyo nyumbani, Tata, baba yetu, aliacha kutafuna.

"Kama si mti ni nini?"

"Shina lake ni majani yaliyokumbatiana tu."

"Mwambie huyo mwalimu aje anionyeshe majani yanayozaa mkungu," akasema, akarudia obokima wake, ugali wa wimbi.

Mama alicheka hadi akatokwa na machozi. Asiyecheka alikuwa dada yangu Moraa. Yeye alikuwa ameufanya mtihani mwaka uliotangulia akaanguka, sasa anarudia darasa na mimi mdogo wake nimemfikia. Tata alikuwa amekwisha sema neno lake: "Mara hii ukianguka, kikapu cha kuchumia chai kinakungoja." Sote tulijua kwamba baada ya kikapu wangekuja ng'ombe wa mahari, kwa maana tayari kulikuwa na mzee mmoja wa Birongo aliyepita kwetu mara mbili akisifia uji. Moraa alikuwa mrefu, akikaa nyuma kabisa, na akiulizwa swali aliangalia vidole vya miguu. Kukariri kulimshinda. Nilimwonea huruma hadi nikawa sitaki kuinua mkono mbele yake.

Sasa, sisi ni Wasabato, na kwetu Jumamosi hapakuwashwa moto wa kupika. Ijumaa kabla jua halijatua maharagwe na mahindi yalikuwa yameiva, chungu kikiwa bado kinatokota kinatiwa kwenye kikapu kikubwa, kinazungushiwa majani makavu ya migomba, kisha blanketi kuukuu juu yake. Kesho yake tukitoka kanisani chakula kilitoa mvuke. Harufu ile ya maharagwe na majani ya migomba siwezi kuieleza, lakini wewe uliyekulia huko unaisikia sasa hivi. Kazi ya kukifunga chungu ilikuwa ya Moraa, na hakuna aliyemfikia.

Alasiri moja ikapiga mvua ya mawe, ile ya kwetu inayotoboa majani chai na kufanya mabati yapige kelele hadi mwalimu hasikiki, ni mdomo tu unacheza. Mwalimu Ombati alitoka mbio na vikombe viwili vya bati, akarudi kalowa chepechepe, vimejaa barafu. Kisha akakimbilia chumbani kwake, akaleta blanketi la kitandani mwake, la kijivu. Kikombe kimoja akakiacha wazi mezani, cha pili akakiviringisha ndani ya blanketi.

"Barafu ipi itayeyuka kwanza?"

Darasa zima tulipiga kelele: ya blanketi! Nani hajui kwamba blanketi lina joto? Mwalimu akauliza kama yupo anayekataa. Kule nyuma mkono wa Moraa ukapanda. Watoto wakaangua kicheko.

"Blanketi halina moto, Mwalimu," akasema kwa Kiekegusii. "Mimi hufunga chungu cha Sabato. Blanketi nikilichukua ni baridi. Moto ni wa maharagwe, blanketi linauzuia tu usitoke. Basi hata huo wa nje utazuiwa usiingie."

Mwalimu aliviacha vikombe pale pale. Akatufundisha hesabu huku macho yetu yako mezani. Kengele ya kwenda nyumbani ilipolia, kikombe cha wazi kilikuwa maji matupu. Akafungua blanketi, akakigeuza cha pili, mawe yakagonga meza, ko, ko, ko. Akamnyooshea Moraa chaki, akamwambia aandike yeye jambo la wiki ile. Nilimwona dada yangu akitembea kutoka nyuma hadi ubaoni, mgongo umenyooka, na hadi leo nikikumbuka najisikia kulia. Mwalimu mwenyewe alilala na blanketi bichi, akapiga chafya wiki nzima.

Tangu hapo Moraa aliacha kukariri, akawa anauliza kila kitu kwa nini. Matokeo yalipokuja alikuwa amepita vizuri, akaitwa sekondari ya bweni. Mimi nilipita pia, lakini hakuna aliyenigeukia. Tata alizunguka boma akimwambia kila mpita njia kwamba mgomba si mti. Mama akauliza, "Sasa nani atanifungia chungu?"

Likizo iliyopita niliwauliza wajukuu swali lile la barafu. "Shosh, hiyo ni rahisi, ya blanketi itayeyuka mbio," akasema mmoja, kisha akaiuliza simu, simu ikamkatalia, akasema "aah" na kuendelea na mambo yake. Jibu alilipata. Ko, ko, ko ya mezani hakuisikia.

Moraa alikuwa amekuja kunitembelea. Ni bibi sasa, na baridi ya Julai inamwingia mifupani. Wajukuu walikuwa wametawanyika, kila mmoja na simu yake kwenye kona yake. Nikaleta blanketi, nikamfunika hadi shingoni, nikageuka niende jikoni. Akanishika mkono.

"Blanketi halina moto, Kerubo. Njoo uingie."

Nikaingia, kama tulivyolala utotoni, na tukapata joto.