Nyasi za Golini

Nikifyeka nyasi nyuma ya jiko la mama, harufu yake mbichi hunirudisha kwenye lango la uwanja mpya, asubuhi ya baridi. Timu yetu ilikuwa karibu kuhamia huko, na mashabiki, karibu wote wakulima, walikuwa wameng'oa nyasi za golini kwenye uwanja wa zamani ili wakazipande kule. Baba alibeba gunia lake begani, maji ya matope yakimchuruzika mgongoni.

Askari wa lango alitaka barua ya ruhusa.

"Ati barua?" baba akauliza. "Hii ni nyasi, ndugu yangu. Ikikauka imekufa."

"Mzee, ngojeni nipigiwe simu."

Jua likapanda, simu haikulia. Baba alikaza mdomo wa gunia kama anayezuia ng'ombe asitoroke, na mama akawa anayanyunyizia magunia maji kwa kikombe, bila kumtazama baba.

Jioni tulirudi na nyasi zetu nyumbani, tukazipanda nyuma ya jiko.

"Itakaa hapa wiki moja tu," baba akaniambia. "Usiikanyage."

Mpaka leo nazifyeka nikiwa nimesimama kando.