Herufi Tisa za Jumapili

Saa kumi ya Jumapili ilimkuta Ignatius ameketi mezani, ghorofa ya tano, Hallonbergen, pembeni mwa Stockholm. Penseli ilikuwa imechongwa, kamusi ya Kiingereza iko mkono wa kulia, na simu ameiegemeza kwenye kopo la sukari. Alikuwa amevaa shati la kanisani bado. Hakutaka Madeleine amwone na fulana.

Madeleine, mkewe, alikuwa Kampala. Alikwenda kumuuguza mama yake, mkimbizi wa Bukavu aliyepata makazi Makindye, akasema anakwenda kwa miezi mitatu. Sasa ulikuwa mwezi wa kumi na tisa. Jumapili iliyotangulia alikuwa ameahidi, "Wiki ijayo nitakuambia kama narudi Juni au sirudi." Wiki hiyo nzima Ignatius hakuwa na raha. Katika jiko la shule alikofanya kazi aliunguza viazi mara mbili, yeye ambaye kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuunguza hata wali.

Hata hivyo, kabla ya maneno yoyote mazito, walicheza kwanza. Ndivyo walivyofanya tangu walipooana. Aliyeshinda wiki iliyopita hutoa neno la herufi tisa. Kwa dakika kumi kila mmoja huandika maneno ya Kiingereza anayoyaona ndani ya herufi zile, kisha husomeana. Neno waliloliona wote wawili hufutwa. Linalohesabiwa ni lile aliloliona mmoja peke yake.

Mchezo huo Ignatius aliuleta kutoka seminari ndogo ya Masaka, ambako mapadre walimfundisha Kiingereza kwa fimbo. Madeleine hakuwahi kukaa katika darasa la Kiingereza hata siku moja. Yeye alisoma kwa Kifaransa. Wiki za mwanzo za ndoa alishindwa vibaya, mpaka akagundua njia yake. Aliandika Kifaransa kitupu, kisha akafungua kamusi ya Kiingereza kuona kama yamo. Nusu ya maneno yalikuwemo, herufi kwa herufi!

"Waingereza ni wezi," alisema siku hiyo, akicheka mpaka akashika meza.

Tangu hapo akawa anamshinda Ignatius atakavyo, maana mapadre hawakumfundisha kutafutia huko.

Lakini siku hizi Ignatius alikuwa na siri. Tangu Krismasi aliacha kutafuta maneno ya peke yake. Aliandika yale tu aliyodhani kwamba Madeleine naye anayaandika muda uleule, kusudi yafutwe. Kila neno lililofutwa lilimpa kitulizo. Ilikuwa kama kunyoosha mkono gizani na kumkuta mtu yupo.

"Haya, Baba Christelle," Madeleine alimwita kwa jina la binti yao, uso wake ukijaa kwenye simu. "Neno ni *ambulance*. Anza."

Ignatius aliinama. Aliandika *canal*, *banal*, *balance*, *lance*, *clan*, *club*, yote maneno ambayo Kifaransa nacho kinayo. Aliyaona *uncle*, *bean* na *meal*, akayapita kama mtu anayempita jirani asiyetaka kumsalimu.

"Muda umekwisha. Soma wewe."

Alisoma yote sita.

"Mengine?"

"Ni hayo tu."

"*Mais*, wewe! Mimi sina hata moja hapo." Akasoma yake haraka haraka: *uncle*, *bean*, *meal*, *clean*, *lamb*, *name*.

Ignatius aliyatazama maneno yake sita yaliyosalia mazima kwenye karatasi. Yale aliyoyasoma Madeleine yalikuwa maneno ya sokoni, ya foleni ya zahanati, ya majirani wa Makindye. Mkewe alikuwa akiishi katika mji alikotoka yeye Ignatius, na mji ulikuwa umeanza kumfundisha Kiingereza chake.

"*Uncle* hukuiona?" Madeleine aliuliza.

"Haikunijia."

"Mwongo! Mtu wa seminari haoni *uncle*? Tangu Krismasi nakuangalia tu. Kwa nini unafanya hivyo?"

"Nilitaka yafutwe, Mado."

Madeleine aliweka penseli yake chini. Nyuma yake pikipiki ilipita ikipiga honi.

"*Bon*. Sikiliza basi," alisema hatimaye. "Sirudi Juni. Mama hawezi kuachwa. Njoo wewe."

Jibu la Ignatius lilikuwa tayari, limekwisha kutumika mara nyingi. "Unajua desturi yetu Waganda. Mwanamume halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Nikivunja mwiko huo, mikono itanitetemeka mpaka kufa."

"Wimbo huo naujua mpaka kiitikio. Ndiyo maana nimekwenda kwa Boniface."

Boniface alikuwa mdogo wake Ignatius, yule aliyemzika mama yao peke yake. Tangu mazishi hayo ndugu hawa walisalimiana Krismasi kwa Krismasi, basi.

"Ana chumba uani," Madeleine aliendelea. "Amekipaka rangi. Amesema, 'Mwambie kaka, kutoka kwangu mpaka kwa mkwewe ni mtaa mzima. Hatamfikia, labda bibi aanze mbio.'"

Sauti ya kizee ya mama mkwe ikapaa kutoka chumbani: "Umuambie na miye simutaki mu nyumba yangu! Nasikia anakoromaka!"

Madeleine aliangua kicheko. Ignatius hakucheka. Aliondoka Kampala mwaka wa themanini na tano akiwa na miaka ishirini na miwili, amejificha kwenye lori la mkaa. Hakurudi tena, hata kumzika mama. Desturi ya ukwe ilikuwa kinga yake nzuri, na sasa Boniface alikuwa ameiondoa kwa kopo la rangi.

"Mado, naogopa."

"Najua."

"Si askari. Wale wa wakati ule wamekwisha. Naogopa kufika pale nikaulizia njia ya kwetu kama mgeni."

"Utaniuliza mimi. Nitakuja Entebbe mwenyewe kukupokea."

Ignatius alitazama dirishani. Theluji ya Aprili ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye paa la jirani.

"Huko Juni kuna baridi?" aliuliza. "Nije na koti?"

"Yesu wangu! Mtu wa Stockholm ananiuliza mimi baridi ya Kampala!" Madeleine alicheka mpaka akakohoa.

"Sifanyi mzaha. Nimesahau."

Kicheko kilikatika. Kisha Madeleine akaanza kumweleza, polepole, kama anavyoelezwa mtu ambaye hajawahi kufika: kwamba mvua kubwa zinakuwa zimepita, kwamba asubuhi ukungu huchelewa kuondoka mabondeni, kwamba mchana jua hupiga sawasawa, na jioni sweta moja inatosha. Ignatius aligeuza karatasi upande wa pili, akaandika: sweta moja.